Mama Mlima Hakupaswa Kuruka

Kuala Lumpur,
Jumapili mchana

Dada yangu Nakundwa,

Shikamoo. Usinicheke kwa kukuandikia kwa kalamu kama enzi za bweni. Ujumbe wa sauti ukiufungua pale kwenye chumba chako cha gemu, kila bodaboda wa stendi ya Same anausikia, na haya nataka uyajue wewe kwanza. Anayekuletea ni binti wa Usangi anayesoma huku. Anakuja likizo, ameahidi kushuka Same akukabidhi mkononi. Mpe chai, na makande kama yapo, maana kila tukionana huyataja.

Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, kile kifua kimempa nafuu, au baridi ya Vudee bado inamsumbua? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Kutulia ndiko sijui. Tangu nianze mistari hii nimeinuka mara mbili kuchungulia dirishani, na hakuna ninachokitafuta huko nje.

Dada, ule ujumbe wako ulinikuta mchana nikila. Ulisema, "Mbonea, hilo gemu lenu la pili wamelicheza siku nne tu. Leo Eliamini kaniambia, 'Dada Naku, toa hili, turudishie la zamani, tunagombana bure.' Mmeweka nini humo?" Nikausikiliza mara tatu. Chakula kikapoa. Nilikujibu kwamba watu watazoea. Nilikudanganya, na nilijua nakudanganya.

Maana wiki ile ile Bi Tan, mwenye kampuni, alikuwa ametuita wote. La kwanza lilinunuliwa mpaka sisi wenyewe tukashangaa. La pili, lenye picha nzuri zaidi, wapiganaji wengi zaidi na kazi ya miaka mitatu, limekaa tu. Akasema, "Ijumaa kila mmoja aje na sababu. Sitaki hotuba."

Nikaenda nyumbani na sababu ninayo, sikuhitaji kuitafuta. Nilikuwa nayo mwaka mzima.

Yule mpiganaji ambaye wateja wako wanamwita Mama Mlima nilimtengeneza mimi. Hilo unalijua, umejisifia kwa stendi nzima. Usilolijua ni kwamba mwendo wake ni wa Mama. Likizo ile nilipokuja, nilimpiga video na simu akipanda kutoka shamba la chini na mkungu wa ndizi kichwani. Unamjua anavyopanda: kisigino kwanza, anatulia, mkono kiunoni, ndipo anahamisha mguu wa pili. Akaniuliza kwa Chasu chetu cha nyumbani, kwa ukali, kwa nini nampiga picha amechafuka. Nikamwambia ni ya kazi. Hakuuliza tena. Nikarudi huku nikakaa na ile video miezi, nikimfundisha yule mwanamke wa kwenye kioo cha kompyuta kusimama kama Mama. Ndiyo maana alikuwa mzito lakini haanguki. Mchezaji aliyejua kumsubiri amalize hatua alimpiga yeyote. Wewe mwenyewe umewatoa jasho wale vijana wa bodaboda kwa kumsubiri tu.

Kwenye la pili kiongozi wetu Hafiz alisema, "Anachosha. Mrefushe, mpunguze mwili, mfanye aruke." Nikasema sawa. Neno hilo hilo, Dada, sawa. Mkataba wangu ulikuwa unaelekea mwisho, na Hafiz ndiye aliyenishika mkono nilipomaliza chuo, wengine wote waliponifungia mlango. Nikamtafuta mwanasarakasi, nikachukua mwendo wake, nikaufuta wa Mama kwenye gemu. Nikakumbuka kuuhifadhi pembeni, basi, hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu yote kwa mama yangu.

Na hilo si baya kuliko yote. Kabla gemu halijatoka tuliwaita wachezaji waje kulijaribu, mimi nikapewa kazi ya kuandika walichosema. Walisema mengi. Walisema wamekaa miaka wakijifunza mapigo ya la kwanza, leo vidole vyao havijui chochote. Walisema wapiganaji waliowapenda wamefungiwa mpaka uwanunue upya mmoja mmoja. Kubwa kuliko yote, walilalamika kwamba watu wawili wakikaa kwenye kochi moja na pedi mbili za kuchezea hawawezi kupigana, mpaka kila mmoja ajisajili na intaneti iwepo. Mama mmoja mtu mzima aliweka pedi chini akaniuliza, "Sasa mimi na mume wangu tucheze wapi?" Nikaandika kwamba wachezaji wameridhika, wameomba marekebisho madogo. Hafiz alitaka tuwahi. Mimi nilitaka Hafiz afurahi.

Subiri, mvua imeanza, nafunga madirisha.

Nimerudi. Basi Ijumaa ikafika. Mtu wa matangazo akasema mwezi wa kutoka ulikuwa mbaya, kulikuwa na magemu mengine makubwa. Mwingine akasema watu hawana hela siku hizi. Hayo si uongo, yana kiasi chake. Hafiz akasema wachezaji ni wagumu kubadilika, wapewe muda. Bi Tan akanigeukia. "Mbonea?"

Miguu ilikuwa inacheza chini ya meza, nikaikamata kwa mikono. Nikasema, "Walituambia kabla. Mimi ndiye niliyeficha." Nikatoa karatasi za mwanzo, zile zenye maneno yao wenyewe, nikazisoma. Nilipofika kwa yule mama na mume wake nikalisoma swali lake mara mbili. Kisha nikaeleza chumba chako: mashine mbili, intaneti ya kubahatisha, watu wanaokuja kucheza kwa sababu adui yake mtu yuko hapo hapo, anamwona usoni, anamtania. Nikasema, "Dada yangu amerudisha la kwanza. Hakuna aliyemlazimisha."

Bi Tan akauliza, "Nani alikuagiza ufiche?"

"Hakuna aliyeniagiza. Nilijua kinachotakiwa."

Kila mtu akamtazama Hafiz. Sikulitaja jina lake, Dada, lakini nilikuwa nimeshalisema.

Jumatatu yake akaondolewa kwenye uongozi. Jioni Bi Tan akaniita, akaniambia kiti kile nikikitaka ni changu, nimpe jibu baada ya wiki. Ungefikiri ningeruka kwa furaha. Nilitembea kutoka kazini mpaka hapa kwa miguu, mwendo wa saa mbili, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye treni. Wiki hiyo nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumamosi asubuhi nikaenda nyumbani kwa Hafiz. Mkewe alinikaribisha, akaniwekea chai, akaondoka bila kukaa. Hafiz akanisogezea kikombe.

"Ulichosema ni kweli," akasema. "Ungeniambia mimi kwanza."

"Ungenisikiliza?"

"Pengine nisingekusikiliza. Lakini ungeniambia."

Mwaka mzima tulikaa meza zinazotazamana na sikuwahi kumwambia, "Kaka, hapa tunakosea." Nilinyamaza nilipopaswa kusema naye, nikaja kusema mbele za watu. Nikamwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akanifungulia mlango.

Jumatatu nilimwambia Bi Tan kiti sikitaki, namwomba amrudishe Hafiz, na kwamba aliyeficha yale maneno hafai kupandishwa cheo. Alikasirika kidogo. Akasema, "Unajua unachokikataa?" Nikasema najua. Ukweli sikujua vizuri, ila mdomo ulishatangulia. Siku mbili baadaye akamrudisha Hafiz, kwa sharti gemu litengenezwe upya. Mimi akanipa mkataba mpya wa miezi sita tu, tena akasema atanitazama. Kwa hiyo, Dada, usimwahidi mtu yeyote kwamba mwakani niko huku.

Kazi ya kwanza tuliyomaliza ni ile ya watu wawili kwenye mashine moja bila intaneti. Itakufikia ndani ya mwezi huu, ukipata intaneti mara moja tu ya kuipakua. Wiki hii naanza kumrudisha Mama Mlima, mwendo wake wote, uzito wake wote. Kama watu watalinunua tena sijui. Eliamini akilikataa, niambie hivyo hivyo bila kunionea huruma.

Na Mama umwambie. Ukipanda Vudee Jumapili, baada ya ibada, mweleze kwamba watu wa nchi nyingi wamepigana wakisimama kama yeye, na kwamba mimi nilimwondoa, kwa woga. Nitampigia jioni yake. Akitaka kunigombeza, mwache anigombeze.

Hafiz bado hasemi nami zaidi ya mambo ya kazi. Ila juzi mchana ukumbi ulikuwa na viti vingi tupu, akaja na sahani yake akakaa mezani kwangu. Tulikula mpaka tukamaliza. Sikuinuka.

Nisalimie shemeji yangu mwenye lori, mwambie apunguze mwendo akitoka Ndungu na mchele. Mjomba Elisante anayemsaidia Mama na ng'ombe, mpe shikamoo yangu. Eliamini na wenzake wa stendi wasalimie pia, ila haya mengine usiwasomee.

Ni mimi mdogo wako, ninayejifunza kukaa,
Mbonea