Kampuni Iliyotajwa Bungeni

Nyamwage, Rufiji
Juni 1996

Kwa dada yangu mpendwa Shufaa binti Sadala, Mbagala.

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa mikono miwili, ingawa mmoja nimeshikilia karatasi isipeperuke. Goti lako linasemaje? Shemeji na pumu yake? Na mpwa wangu Ismaily, tangu wampunguze pale kiwandani, amepata pa kushika? Mimi mdogo wako ni mzima. Tumbo limepungua kidogo na jua limeniunguza kama muhogo uliosahauliwa jikoni, lakini uzima upo, alhamdulillahi. Usishangae mwandiko. Hapa ninapoandikia panayumba.

Barua yako uliyompa kondakta wa basi la Lindi imenifika pamoja na sabuni. Sabuni ahsante. Barua imenitoa jasho. Umeniuliza mawili: kwanza, kama Mtoro aliyetajwa na Waziri redioni ndiye Mtoro huyu uliyemwogesha kwa dodoki, na pili, kama ndiye, basi nimpokee Ismaily nimpe kazi kwenye kampuni, hata ya ukarani, maana ameshafunga begi. Dada, mzuie na begi lake mpaka umalize kusoma. Mimi siku hizi najibu kwa utaratibu wa Bunge, swali la msingi kwanza, la nyongeza baadaye.

Naam, ni mimi. Yote yalianza na posa. Unamkumbuka Semeni, yule mjane mwenye shamba la mpunga kule bondeni? Mwanamke akikutazama tu unajipapasa kifua kuona kama vifungo vimekaa sawa. Tangu afiwe na mumewe analima peke yake, na moyo wangu ulikuwa umeshahamia huko bondeni kabla yangu. Mwezi wa tatu nikavaa koti la marehemu baba, nikaenda kwa kaka yake, Bushiri, yule anayekaanga samaki barabarani mabasi yanaposimama. Nikasema lililonileta. Bushiri akageuza kambale kikaangoni, akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikasema mimi mfanyabiashara. Akauliza biashara ya nini. Nikasema mambo mbalimbali. Akasema mambo mbalimbali hayapikiki, na dada yake hali maneno.

Semeni alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti anatwanga. Mchi ukanyamaza. Dada, hapo mwanamume afanyeje? Nikasema nina kampuni ya ulinzi. Sikukusudia uongo mkubwa. Huko kwenu Dar kila mwenye filimbi na buti ana kampuni ya ulinzi, na mimi kweli nimewahi kuamia ndege, ninyi wa Dar mnasema kufukuza, kwenye mpunga wa mtu, tena siku mbili nzima. Nikaeleza kwamba nalinda mali za wakulima bonde lote, angani na nchi kavu. Nikawakumbusha mwaka ule Ramadhani ilipoangukia msimu wa mpunga, kwelea wakaja kundi lililofunika jua, muadhini akaadhini magharibi saa nane mchana, kijiji kizima kikafuturu, mpaka nilipopiga jiwe moja la kombeo likatoboa tundu katikati ya kundi, jua likachungulia, watu wakatema uji. Hilo hata wewe ni shahidi, isipokuwa labda siku hiyo ulikuwa umelala.

Kumbe aliyekuwa anakula samaki pembeni yangu ni afisa kutoka wilayani. Maskini, alikuwa na shida kuliko mimi mposaji. Mbunge mmoja amepeleka swali: Serikali inasema sekta binafsi ndiyo italeta ajira, je, Rufiji imeleta ajira ngapi? Waziri anataka jibu, na afisa ametembea tangu kivuko cha Ndundu hajaona sekta binafsi yoyote zaidi ya mikeka na samaki wa Bushiri. Aliposikia neno kampuni, mwiba ulimkwama. Akaniuliza jina lake, nikasema Mtoro na Wenzake. Akaniuliza walinzi wangapi. Ulimi ulikuwa umegusa meno, nikasema thelathini na wawili, ingawa mimi mwenyewe meno ya hesabu hiyo yalishanitoka zamani. Akaandika, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka akaacha hadi mkia wa kambale.

Ningoje kidogo dada, kuna jambo la kikazi.

Nimerudi. Koo limekauka, lakini tuendelee.

Mwezi wa nne tumekaa kibandani kwa Bushiri, redio juu ya gunia la mkaa, zikaja habari za Bunge. Sauti ikasema Mheshimiwa Spika, napenda kumjibu Mheshimiwa Mbunge kwamba matunda ya soko huria yameanza kuonekana, kwa mfano Rufiji, ambako mzalendo mmoja, ndugu Mtoro Sadala, ameanzisha kampuni ya ulinzi yenye wafanyakazi thelathini na wawili. Wabunge wakapiga meza. Na hapa kibandani watu wakapiga meza, Bushiri akapiga sufuria. Dereva wa lori la magogo akashuka kuniomba kazi palepale. Bushiri alinipa samaki wa kichwa mpaka mkia, akasema shemeji, kumbe ulikuwa unatuficha!

Lakini Mbunge yule hakuwa mtu wa kukaa. Akasimama na swali la nyongeza. Je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kuongozana naye kwenda kuiona kampuni hiyo? Nikaomba kimoyomoyo betri zifie hapo. Hazikufa. Waziri akasema yuko tayari.

Jioni ile posa ikakubaliwa. Bushiri akaniletea salamu za Semeni, kwamba amesikia, amekubali kaka yake akubali, ila naye ana swali moja la nyongeza, atauliza wakati wake. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Basi mwezi wa tano Waziri akaja na yule Mbunge, magari matatu yamevuka Ndundu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku mbili kabla nilikuwa nimezunguka bondeni kumsihi kila aliyekuwa juu ya dungu, maana unajua msimu huu watu wote wanahamia huko, kila mtu juu ya kibanda chake cha miti kwenye shamba lake, anaamia ndege toka alfajiri mpaka machweo. Niliwaomba waseme tu kwamba ni walinzi wangu. Vijana walikubali kwa kucheka. Wazee walikubali kwa kunyamaza. Bi Biasha, yule mwenye shamba lililopakana na la Semeni, alisema ataona siku hiyo Mungu atamwekea ulimi gani.

Tukamvusha Waziri kijito kwa mtumbwi. Ni mtu mwenye mwili, dada, sisemi zaidi. Maji yalikuwa yanatuchungulia ndani. Kiboko mmoja akaibuka, mimi nikamkazia macho hivi, akaona haya akazama. Waziri mwenyewe alisema hajaona mtu wa namna hii. Tulipofika nikamwonyesha madungu yote, moja baada ya jingine mpaka macho yanapoishia, nikamwambia hayo ndiyo malindo yangu. Akafurahi. Akasema sasa naomba nizungumze na mfanyakazi mmojawapo. Wote wale, na Mungu akamwelekeza kwa Bi Biasha.

Bi Biasha hakungoja swali, akaanza yeye kuuliza. Akataka kujua kwanza mgeni kabila gani. Waziri akasema Mnyamwezi. Bi Biasha akapiga kigelegele, akasema loo, kumbe mtani wangu, babu zako walibeba pembe mpaka pwani, na wewe umebeba tumbo mpaka Rufiji! Watu wakaangua kicheko, Waziri naye akacheka, akamwuliza mtani wake kama anaridhika na mwajiri wake. Bi Biasha akauliza mwajiri gani. Akaonyeshwa mimi na koti langu. Akanitazama toka juu mpaka chini akasema, Mtoro? Mtoro atuajiri sisi? Mtani, huyu hata ndege hawamjui!

Dada, nimepata kung'atwa na nge, nimepata kuanguka mnazini, lakini maneno yale! Mbunge alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa tai yake. Bushiri alitazama chini kama aliyedondosha sindano. Semeni alikuwa shambani kwake, hatua chache kutoka pale, kombeo mkononi, ananitazama. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Waziri akasema anataka kukagua dungu, akanishika kiwiko, tukapanda wawili la Semeni lililokuwa karibu. Huko juu hapana nafasi ya msaidizi wala ya mwandishi wa habari. Nilidhani atanifunga. Badala yake akakaa kwenye makuti, akavua miwani, akanitoa mpaka habari ya posa, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ndugu yangu Mtoro, wewe umedanganya wakwe, mimi nimelidanganya Bunge, na bila kujua. Yule Mbunge pale chini atasimama mwezi wa sita aniulize tena mbele ya nchi nzima. Hebu niambie, nikarudi niseme nini? Dada, nilimwonea huruma. Nikamwambia Mheshimiwa, hata mimi nilikuwa natafuta kwako jibu. Dungu likalia kwaa, likainama upande wa Serikali.

Ndipo ngazi ikatikisika, Semeni akatokeza kichwa. Akamwamkia Waziri kwa adabu zake zote. Kisha akasema amesikia Serikali inauza mashirika yake ambayo hayana kitu ndani, tena yananunuliwa. Akauliza kama na hili la Mtoro linauzwa.

Waziri akavaa miwani. Akaniuliza kama nauza. Nikasema mimi nauza kwa bei yoyote itakayoniwezesha kushuka hapa nikiwa hai. Semeni akasema atatoa chungu cha wali wa mbaazi na samaki, ambacho tayari kiko jikoni kwa ajili ya wageni, wakila wahesabu kimelipwa. Wakapeana mkono hapohapo ngazini. Waziri alikula sahani tatu za kampuni yangu, dada, na aliniambia imeuzwa kwa bei nzuri kuliko nyingi alizowahi kuziona.

Sasa wiki iliyopita umemsikia tena, najua, ndiyo sababu ya barua yako. Lakini redio yenu ya Mbagala inakoroma, hukusikia mpaka mwisho. Mimi nimeletewa neno kwa neno, alisema hivi: Mheshimiwa Spika, kampuni ile ya ndugu Mtoro Sadala imebinafsishwa kwa mwekezaji mzalendo, Bi Semeni, na katika kuongeza ufanisi wafanyakazi wamepunguzwa kutoka thelathini na wawili hadi mmoja. Wabunge wakapiga meza tena. Mbunge alisimama kuuliza la nyongeza, Spika akasema muda umekwisha.

Huyo mmoja, dada, ni mimi.

Siku ile wageni walipokwisha kuvuka, mimi nilibaki kando ya kijito natafuta njia ya kurudi Nyamwage ambayo haipiti kwa Bushiri. Semeni akanifuata. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kueleza, mengine mazuri sana. Akaninyamazisha kwa mkono, akasema kaka yake amekwisha kuvunja posa, ila yeye hajauliza swali lake la nyongeza. Akaniuliza: Je, Mtoro, uko tayari kuongozana nami shambani? Si kutembea, kukaa. Akasema shamba lina madungu mawili na yeye ni mmoja. Akiamia ndege huku wanakula kule, na tangu mumewe afe dungu la pili lina buibui. Nikikaa juu yake mpaka suke la mwisho liingie ghalani, atamwambia Bushiri mwenyewe aite shehe. Nikishuka kwenda kupiga soga kibandani, hata mara moja, nisipite tena mbele ya mlango wake.

Wewe unanijua, dada. Katika maisha yangu sijawahi kujibu jambo kwa neno moja. Nilisema ndiyo.

Ndiyo maana mwandiko unapindapinda. Niko juu ya dungu. Lile jambo la kikazi lilikuwa kwelea, tena wengi, na nimewapigia kelele hadi sauti imekuwa ya jogoo mgonjwa. Nikuambie ukweli, mawe yangu ya kwanza yalimpata Bi Biasha kwenye debe lake la maji, na Waziri sikumwambia kwamba sijui kombeo. Sasa najua kidogo. Ndege wameanza kunijua. Mchana Semeni huniletea chakula, hukaa kwenye ngazi akisema ana haraka, kisha huniuliza vipi ile habari ya kiboko aliyeona haya. Nikimsimulia husema uongo mtupu. Halafu husema endelea.

Suke limeshakuwa la dhahabu. Bado wiki mbili, Inshallah, na nusu ya shauri hili iko kwa kwelea.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu hivi. Mwambie mpwa wangu Ismaily afungue begi. Kampuni ina nafasi moja tu, mjomba wake ameikalia, na kwa sasa hana nia ya kuiacha. Ila wewe ufunge la kwako. Nikikuletea habari kwa kondakta kwamba mpunga umeingia ndani, njoo na ile kanga uliyoniahidi, unisimamie kama mama, maana Bushiri bado ananiuzia samaki kwa bei ya abiria.

Nisalimie shemeji na pumu yake, majirani, na yeyote aliyepiga meza. Semeni anakuamkia. Nakuacha hapo, upande wa magharibi wa shamba naona kundi linageuka.

Mdogo wako mtiifu,

Mtoro Sadala,
Mlinzi