Barza Isiyotiwa Alama

Pemba, Jumanne baada ya adhuhuri

Laila,

Huna adabu. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Assalamu alaykum. Hujambo, mjukuu wangu? Semina yako huko Unguja inakwendaje, na kile kifua? Mie mzima alhamdulillahi, ila roho haitulii. Nakaa, nasimama, nafagia palipokwisha fagiwa. Nimeona niandike kwa kisomo changu hiki hiki cha ngumbaru, maana kwenye simu nikifika neno la pili waniambia uko kikaoni.

Alhamisi vijana wako wa ofisi ya mji walikuja mtaani na rangi nyekundu, wakazitia alama barza za mawe tunazokalia nje ya milango zivunjwe, mtaro wa maji upite. Mtaro nautaka. Masika yaliyopita maji yalilala chini ya kitanda changu, nawe wajua. Lakini walifika kwa Bi Mwanamize, wakamwita atoke atie saini. Laila! Mwanamize yumo edani, mumewe hata arubaini haijafika! Amejikunja nyuma ya mlango analia, na wanaume wasio maharimu zake wamtaja jina barabarani. Tena wakamwachia amri, kama haridhiki afike ofisini Jumatatu, ndiyo jana. Afike vipi? Hajavuka kizingiti tangu maiti itoke.

Wakati wa kura yako ya udiwani nani aliyezunguka nyumba kwa nyumba na gongo lake la kutembelea? Si mie? Niliwaambia wanawake wenzangu, mpeni huyu, madiwani wanaume huishia ukumbini, huyu ataingia mpaka ndani. Wakakupa. Leo Zulekha muuza mandazi kaniuliza mbele za watu, Bi Moza, yule wako wa kuingia ndani yuko wapi, au mlango wa Mwanamize mdogo? Nikachukua mandazi yangu nikaondoka, hata chenji sikungoja. Ushaniona lini mie nikiacha chenji yangu?

Na si hilo tu. Juzi Abrahman, mwana wa Mwanamize, kawakusanya wanaume kawaonyesha barza yetu, pana kuliko zote mtaani, haina hata tone la rangi. Kasema mtaro wa diwani una macho, ukifika kwa bibi yake utapinda. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Wamemwambia sheha wa mtaa halitapita jembe hapa. Na mawingu yashaanza kufunga. Tukikosa mtaro tutaogelea tena, na weye hutachaguliwa hata kugawa tende Ramadhani.

Nikawauliza vijana wako kwa nini wameniruka. Wakasema ni weye, uliwaambia wamwache bibi, mtu mzima. Nani kakwambia nataka kuachwa? Ulipokuwa juu ya jukwaa ukipiga kelele za haki sawa, mie nilidhani wasema kweli.

Basi kaa chini nikwambie. Barza ya babu yako haipo. Jana nilimwita fundi kutoka Konde aivunje, na nyundo ya kwanza nimepiga mie. Pale alipokuwa akikupakata na kahawa yake kila alasiri, pamebaki kifusi. Wazee wenzake wamesimama barabarani na vikombe mkononi, kama mbuzi waliofungwa pabaya. Nimelia, lakini ndani. Abrahman alikuja akatazama, akainama akanisaidia kuzoa mawe. Nikadhani yamekwisha. Akasema, bibi, hili la barza umelimaliza, la mama yangu si lako kulimaliza.

Mama yako na wa nyumbani wote wakusalimu, na jirani yetu Mzee Kificho asema umwombee dua, maradhi ya macho yake yamezidi. Kula, usishinde na chai tupu.

Ukiteremka bandarini usipite ofisini, wala usije kwangu. Vua hicho kitambulisho shingoni, nenda kwa Mwanamize peke yako, piga hodi mlango wa uani, kaa naye mkekani. Mpe mkono wa tanzia, kisha umtake radhi. Habari ya mtaro usiitaje mpaka aitaje yeye.

Bibi yako,
Moza binti Mwalim