Mshono wa Mwisho

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekupa nafuu kidogo. Mama anasema siku hizi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Nitalirudia jambo hilo. Sisi hatujambo, ila karakana imepitia kipindi kigumu.

Mwezi uliopita gazeti liliandika kwamba sisi watengeneza magodoro tunachanganya pamba na matambara. Hatukutajwa kwa jina, lakini wateja walitukimbia. Wenzetu walitoa matangazo ya kukanusha. Mjomba, unavyomjua kwa kupenda kesi, alitaka tulishtaki gazeti. Mama Sindano, yule mshonaji uliyemwajiri mwenyewe, alikata uzi kwa meno akauliza tu kwa nini tuliacha tia mkono.

Nilikuona upya, Baba, pamba imekujaa kwenye nyusi, ukiacha upana wa kiganja bila kushonwa mpaka mnunuzi afike. Ulimwambia atie mkono, apekue mpaka aridhike, ndipo ushone mbele yake. Mtaa mzima ukakuita Tiamkono, nami shuleni nikawa Mtoto wa Tiamkono, nikawa nanuna. Nazitamani siku zile, hata kununa kwenyewe. Mashine zilipokuja nilisema hatuna muda wa mchezo huo.

Sasa tumeurudisha. Tulimwalika mwandishi wa habari ile ile. Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoka na pamba tupu. Kisha tukatangaza kwamba mwenye godoro letu la zamani alilete tulifumue mbele yake, na likiwa na dosari apewe jipya. Wateja wanarudi, polepole.

Mjomba aliliona tangazo hilo ni wazimu. Mimi nilijua kwa nini linahitajika. Mwaka uliostaafu pamba iliadimika, nikatia matambara katikati ya magodoro kumi na moja, kwa mikono yangu hii. Kumi yamerudi, na nimekiri kwa kila mwenye nalo. La kumi na moja ni hilo unalolalia. Ulilichagua mwenyewe kwenye rundo siku ya kukuaga, nami nikanyamaza. Mjomba alikutania kwamba hujatia mkono, ukamjibu kwamba kazi ya mwanao haikaguliwi. Nimeishi na neno hilo miaka sita. Nisamehe, Baba.

Jumamosi nakuja na jipya, upande mmoja haujashonwa. Nakuomba usiniamini. Tia mkono kwanza, ndipo unipe sindano.

Mama nampa shikamoo yake, na wajukuu wanakuamkia.

Ni mimi mwanao,
Mtoto wa Tiamkono