Jina la Anaeli

Tengeru

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hatujambo, babu yako anapalilia migomba. Umeniuliza kama ni sawa, kwenye utafiti wenu wa dawa za moyo, kumwita mgonjwa kwa namba.

Nilipokuwa nesi kijana, nilitumwa Moshono kuhesabu vidonge vya binti aliyekuwa kwenye utafiti wetu. Mama yake akanipa kopo.

"Tulimzika Jumamosi. Mlituagiza turudishe vinavyobaki."

Nikahesabu, nikajaza fomu. Akachungulia.

"Mbona hujaandika jina lake?"

Nikaliandika pembeni: Anaeli. Akanishukuru sana.

Hospitalini daktari alilifuta. Utaratibu ndivyo ulivyotaka, na namba humlinda mgonjwa. Lakini yule mama sikurudi kumwambia, na sasa naye ameshazikwa.

Bibi yako