Kesi ya Urbano na Karatasi ya Wazee

Kwa Mzee Leonidas,
Ihanja, Ikungi,
Singida.
21 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Ritha,

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza na salamu ya huko kwenu kwa sababu najua barua zenu ninyi wanovisi huko utawani hupitia kwanza kwa mama mlezi. Mama mlezi, shikamoo. Humu ndani hakuna la aibu, isipokuwa yanayomhusu baba yetu, na hayo sisi tumeshayazoea.

Hujambo lakini, mdogo wangu? Ile malaria ya mwezi wa nne ilikuacha kabisa? Unakula? Ulipokuja likizo ulikuwa mwembamba mpaka mama akasema utawa ni kitu kizuri ila wapunguze kufunga. Sisi hapa ni wazima. Mama goti linamsumbua kwa baridi hii ya Julai, ila mdomo wake haujapata baridi hata kidogo. Alizeti zimetoka vizuri mwaka huu, ua wote umejaa, tunapita kwa ubavu kwenda chooni.

Mwanangu Elisha ameanza darasa la kwanza. Wiki ya kwanza alirudi na viatu vya mtoto mwingine, wiki ya pili akarudi bila viatu. Mwalimu anasema ana akili.

Sasa nije kwenye kesi ya kaka yako Urbano. Habari ya kwamba Mzee Chediel alifariki barabarani mwezi wa tatu, na dereva alikuwa Urbano, ulishaipata. Kesi imeisha wiki iliyopita na nataka uisikie kwangu kabla binamu yetu Festo hajakuandikia ya kwake. Tena usirukie mwisho wa barua kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi.

Kilichotokea ni hiki. Unajua Urbano alikuwa akiendesha pikapu ya tajiri mmoja wa kuku, anazunguka minadani kukusanya kuku wa kienyeji na kuwapeleka mjini wakapakiwe kwenye mabasi ya Dar. Jumatano ile alikuwa amechelewa, akafunga matenga mwenyewe harakaharaka, kamba moja akaiacha hivihivi. Alipokaribia kwetu tenga likafunguka, akachomoza jogoo mmoja, halafu wa pili. Badala ya kusimama, Urbano akatoa kichwa dirishani kuwatazama huku mguu umekanyaga mafuta. Gari likaacha lami. Huko pembeni alikuwepo Mzee Chediel, anakokota baiskeli yenye gunia la pumba.

Alifariki palepale. Mzee Chediel huyuhuyu aliyekuwa akikuita mchumba wake, na ulipoingia utawani akazunguka kijiji kizima akilalamika kwamba ameachwa bila kosa. Nililia sana siku ile, na sasa nikiandika nalia tena kidogo, halafu nakumbuka utani wake nacheka peke yangu.

Habari ya matenga Urbano aliniambia mimi siku ileile kituoni. Polisi aliwaambia kitu kingine, kwamba mzee aliyumba na baiskeli akaingia barabarani. Askari wa usalama barabarani hawakubishana naye. Walipima alama za matairi, wakachora ramani yao, wakamfikisha mahakamani kwa shtaka la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa uzembe. Akasomewa, akakana. Aliyemshauri akane ni Festo wa shangazi, ambaye tangu ashinde kesi ya mbuzi anajiona nusu wakili. Urbano akapata dhamana, na mdhamini nikawa mimi dada yako.

Baba na wazee hawakungoja mahakama. Walikwenda kwa Bibi Rahel, mjane wa Mzee Chediel, wakiwa na kondoo na asali aliyotuletea mjomba kutoka Itigi. Watu wa pande zote mbili wakanawa mikono kwenye beseni moja, wakala pamoja, na Urbano akapewa kazi ya kumvunia Bibi Rahel mashamba yake yote mpaka msimu uishe. Aliipokea bila kuguna. Nami nilipumua, nikuambie ukweli, maana hapa kwetu wewe mwenyewe unajua, watu wakishakula kondoo wa kupatana hakuna tena anayefungua mdomo.

Baada ya kula wazee wakataka karatasi. Tangu uondoke mwenye mwandiko mzuri nyumbani ni mimi, nikaitwa. Wakaniambia niandike kwamba kifo cha Mzee Chediel ni mipango ya Mungu, hakuna mwenye kosa, na familia mbili zimepatana. Nikaandika. Ya matenga nilikuwa nayajua, na bado nikaandika, tena kwa mistari iliyonyooka. Bibi Rahel hajui kusoma. Alikuwa jikoni na kina mama, akaitwa, akaonyeshwa pa kuweka dole gumba, akaweka, akarudi kwenye sufuria yake. Hakuna aliyemsomea. Mtendaji wa kijiji akagonga muhuri na sote tukaenda kulala tumeshiba.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Tarehe ya kesi ilipofika, baba akaamua Urbano hana haja ya kwenda mahakamani, kwa kuwa jambo limekwisha na ndege wanamaliza alizeti za Bibi Rahel. Akamtuma shamba. Yeye akavaa koti lake la harusi akapeleka karatasi polisi, kama mtu anayerudisha debe la jirani. Nami nikakubali! Mdhamini mzima nikabaki kwenye cherehani nikishona sare za kwaya.

Kumbe huko jina limeitwa mara tatu, hakuna mtu, hakimu akatoa hati ya kumkamata. Kesho yake asubuhi askari wawili wakafika kijijini, wakaambiwa mshtakiwa yuko kwa mjane wa marehemu. Wakadhani wanachezewa. Walipofika wakamkuta kweli, anapiga alizeti katikati ya uwanja, Bibi Rahel amemsimamia na fimbo yake mkononi. Bibi akawaambia, "Mmekuja kumchukua? Amebakiza nusu eka. Kaeni hapo mngoje, au shikeni fimbo msaidie." Nasikia mmoja alishika.

Baba alikwenda kituoni mara ya pili na nakala ya karatasi yake, mimi nikamfuata nyuma. Askari mmoja, kijana mpole, akamweleza taratibu kwamba dereva akiua mtu kwa uzembe, kesi si ya mjane wala ya ukoo. Kesi ni ya Jamhuri, na kupatana kwetu ni jambo jema ila hakuifuti. Baba akauliza, "Na huyo Jamhuri naye anataka kondoo?" Nilimvuta koti mpaka kifungo kikatoka.

Urbano akakaa mahabusu siku kadhaa, nami nikaitwa kujieleza mbele ya hakimu kwa nini mtu niliyemdhamini hakuonekana. Nilieleza habari ya alizeti na ndege. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akanionya vikali, akamrudishia Urbano dhamana, na nadhani alijiuma mdomo asicheke.

Hapo ndipo tulipoogopa kweli. Tulielewa kwamba Urbano anaweza kwenda jela miaka, na mkewe Eliana alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama akaacha kula. Festo akaja kila siku na mafundisho yake: ang'ang'anie hapohapo, mzee aliyumba, nani atabisha, mashahidi wenyewe ni kuku na kuku walishaliwa Dar. Urbano hakumjibu ndiyo wala hapana. Alikuwa amekonda, anafanya kazi za Bibi Rahel toka asubuhi mpaka jioni na hawezi kumtazama usoni.

Siku ya kusikilizwa tulijaza mabenchi mawili. Hakimu ni binti, mdogo kuliko mimi, na alipoingia tukasimama wote. Tulipoambiwa tukae, baba akaendelea kusimama. Ritha, mzee alikuwa anangoja shikamoo yake! Ikabidi karani aje kumnong'oneza.

Baba hakukubali kesi ianze kabla karatasi yake haijapokelewa. Hakimu akaichukua, akasema haiwezi kuondoa shtaka lakini ataisoma. Akaisoma kwa sauti. Alipofika pale penye mipango ya Mungu na hakuna mwenye kosa, nikasikia benchi la nyuma yangu linalia, Bibi Rahel amesimama.

"Hicho ndicho nilichowekea dole?"

Karani akamwomba akae. Hakukaa.

"Mheshimiwa, niliwasamehe hawa, na kondoo wao nimekula. Lakini Mungu hakuwa anaendesha lile gari. Watu wananiambia mume wangu aliingia barabarani kama mlevi. Miaka arobaini na sita alikuwa ananigombeza mimi nitembee pembeni. Nataka kujua alikuwa wapi."

Bibi akanitazama mimi, mwenye mwandiko, nami nikatazama sakafu. Katika maisha yangu sijaona aibu kama ile.

Urbano akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akasema, "Naomba kubadili jibu langu." Sauti ilikuwa ndogo, hakimu akamwambia arudie. Akarudia, halafu akageuka, akasema akimtazama Bibi Rahel badala ya hakimu, "Mzee alikuwa pembeni kabisa. Mimi ndiye niliyetoka barabarani. Kamba sikuifunga vizuri, nikawa natazama kuku." Festo akashika kichwa kwa mikono miwili.

Hakimu akamuuliza mara mbili kama anaelewa kwamba kwa maneno hayo anaweza kufungwa. Akasema anaelewa. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo yote ya ajali, kipande kwa kipande, na kila kipande Urbano akajibu ni kweli. Akatiwa hatiani. Tukaambiwa tungoje nje mpaka mchana, na huko nje mama alisali rozari nzima bila kukosea hata tendo moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Basi pumua sasa, maana hakufungwa. Hakimu alisema amezingatia kwamba ni kosa lake la kwanza, kwamba amesema kweli mwenyewe, na kwamba familia zimekaa pamoja. Akampa faini au kifungo, na leseni yake imefungiwa miaka mitatu. Faini ukoo umechanga, ikalipwa siku ileile. Lakini hakumwachia kirahisi. Alimwambia kuifunga ile kamba kulihitaji dakika tano, na kwa kukosa dakika hizo mtu amekufa. Urbano alitikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka mbele ya watu wote.

Sasa analima tu, na jioni husaidia watu kufunga mizigo kwenye mikokoteni. Anafunga mafundo mpaka wenye mizigo wanakuja kulalamika kwangu kwamba hawawezi kuyafungua. Eliana amejifungua salama mtoto wa kike Jumanne, ana nywele nyingi na sauti ya shangazi yetu Magdalena, Mungu atusaidie.

Kuna moja limebaki na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kesho yake baada ya hukumu nilikwenda na Urbano kwa Bibi Rahel kuomba msamaha kwa ile karatasi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Bibi hakuyataka. Akasema tu, "Leta kalamu."

Akataka niandike nyingine, na safari hii asiseme mzee yeyote, aseme Urbano. Urbano akasema, nikaandika: kwamba yeye ndiye aliyemgonga Chediel kwa uzembe wake, na kwamba Chediel alikuwa pembeni mwa barabara. Ni mistari miwili tu. Bibi akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akataka nirudie, nikasoma tena, na mara ya tatu akawa anasema pamoja nami. Akaweka dole lake chini ya maandishi ingawa hakuna aliyemwambia aweke, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Halafu akalia, Ritha. Tangu msiba sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kuzika. Urbano akakaa chini kwenye vumbi karibu na miguu yake, naye akamwekea mkono kichwani akasema, "Sasa ndiyo nimekusamehe. Ile ya kwanza sijui nilisamehe nini."

Mwombeeni Mzee Chediel katika misa yenu, tena kwa jina lake. Na kaka yako mwombee kwa kosa lake. Ameniomba niandike hivyohivyo, kosa langu, nisilipambe.

Baba anakusalimu na koti lake lisilo na kifungo. Mama anakusalimu na anauliza kama baridi ya huko inazidi ya hapa. Eliana na mtoto wanakusalimu, na Elisha anataka kujua kama masista wana mbwa. Wasalimie wanovisi wenzako wote, na kwa mara nyingine heshima zangu kwa mama mlezi.

Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na chakula cha kutosha, akuimarishe katika njia uliyoichagua.

Ni mimi dada yako ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Febronia