Mfunge Shaba Kabla Hujasoma

Chanika,
Jumapili, baada ya misa.

Kwako Dada Demetria,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji na Vaileth, na wote mnaokula upepo wa bahari huko Mbweni. Mie mzima kwa kiasi changu, uzima wenye mishono, nitakueleza mbele kidogo. Ila kabla hujaendelea, weka karatasi hii mezani, toka nje, mfunge Shaba kwa mnyororo, si kwa kamba, kisha mwambie Vaileth aingie ndani na mlango wa jikoni ufungwe. Ukimaliza rudi tuendelee. Sitanii.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, wewe ukisikia sauti yangu unaanza kucheka kabla sijafika kwenye neno. Nimekuzoesha mwenyewe. Juzi ulivyoniandikia kwamba Shaba tumbo limeshuka na maziwa yameanza kujaa, na kwamba watu wa jumuiya wameshagawana watoto hata hawajazaliwa, na Mama Praygod amenunua bakuli na mwanawe analala nalo, nilikaa na simu mkononi mpaka ikazima. Hao watoto wa Shaba ndio wameniandikisha barua hii. Asije akachukuliwa hata mmoja. Sasa soma sababu.

Mie unanijua. Nimekaa Durban, nimepika melini, nimelinda nyumba ya Mgiriki ambaye mbwa wake walikuwa wanakula nyama kumzidi paroko wetu. Niliporudi nikasema kuanzia Gongo la Mboto mpaka huku porini kwetu hakuna anayemjua mbwa kama Theonest. Kibao cha getini nilikichora kwa mkono wangu: MBWA WAKALI, MBEGU YA ULAYA. Darasa la saba sikulimaliza, lakini herufi zilikaa sawa, na watu walikuwaga wanasimama kukisoma.

Mteja wa huku haulizi mbwa ana afya gani. Anauliza kama anauma. Anakuja na fimbo, anapiga uzio, anamwangalia mbwa anavyorukia waya, anatabasamu. Basi nami nikafanya kama wanavyofanya wote: mbwa anashinda ndani ya sanduku gizani, pilipili kichaa kwenye ugali, na watoto wanaondoka kwa mama yao hata kutafuna hawajajua, eti wamjue bwana mmoja. Malkia wangu, yule jike wa kahawia uliyekuwa unampenda, nilimpandisha kwa dume la jamaa mmoja wa Pugu. Dume lile lilikuwa limemrarua mwenye mbwa mwenyewe shavu. Mwingine angekimbia. Mie nikasema hicho ndicho cheti. Wakazaliwa watatu: Komando nikabaki naye, Shaba nikakupa wewe, na wa tatu akanunuliwa na Fransis mwenye yadi ya mbao hapo barabarani.

Huyo wa Fransis ndiye aliyeanza. Mlinzi wa yadi, mzee wa watu aliyekuwa akimlisha kila siku, aliinama kuokota tochi. Mbwa akamkamata usoni na hakuachia. Vijana wa yadi walimpiga kwa vyuma na vipande vya mninga mpaka mgongo ukavunjika, na bado taya limefunga, ikabidi walipanue kwa patasi. Mzee sasa anakunywa uji kwa mrija. Nami, dada, unajua nilifanya nini? Wiki ileile walikuja watu wanne kuuliza kama nina mwingine wa damu ile, nikapandisha bei. Damu ya yule mzee ikawa tangazo langu. Nilimpelekea kilo mbili za sukari nikajiona nimemaliza.

Baada ya hapo akaja Asifiwe, bibi mifugo wa kata yetu, kuchoma mbwa wote sindano ya kichaa. Msichana wa Kinyakyusa, ulimi kama wembe. Akakisoma kibao changu, akaniuliza nani kanipa ruhusa ya kuzalisha. Nikamtajia Durban, nikamtajia meli, nikamtajia Mgiriki. Akasema hayo ni maisha ya mbwa wa Mgiriki, yeye ameuliza ya mbwa wangu. Akataka kujua kama nimewahi kumnyima mtu mbwa. Nikacheka, nikamwambia mama ntilie hamnyimi mtu wali. Hapo akaniambia kitu ambacho sikukipenda: kwamba anayestahili kuzalisha ni yule ambaye wote aliowatoa wakirudishwa leo, waliokonda, waliovunjika, walioua, atafungua geti na kuwapokea kama watoto wake. Akaniuliza wa Fransis angerudi mzima ningemweka wapi. Nikamwambia aende akachome mbuzi sindano. Mwinshehe, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, alikuwa anasikia. Akasema, mwanangu, hilo ni swali, hukulijibu. Nami nikamwambia Waislamu na mbwa wapi na wapi.

Sasa ile Jumamosi. Nilikuambia niko Morogoro kwenye mahindi. Sikuwa Morogoro.

Asubuhi nilichemsha vichwa vya kuku. Nikamfungulia Malkia kwanza, kwa kuwa kazeeka na anakula taratibu. Lachi ya sanduku la Komando sikuifunga vizuri jana yake. Alitoka bila sauti. Mbwa anayebweka, dada, anakuonya, yule hakubweka. Alimpiga mama yake ubavuni kama lori, akamgeuza, akamshika koo. Malkia hakupigana. Alilala chali akaonyesha tumbo, kama mbwa anavyomwambia mwenzake nimekubali yaishe. Komando hakuielewa lugha ile. Nani angemfundisha, nami nilimtoa kwa mama yake akiwa hajafikisha hata mwezi? Alimtikisa mpaka nikasikia kitu kinakatika, na miguu ya Malkia ikaendelea kukimbia chini pale pale.

Niliingia na koleo. Nilimpiga mgongoni, koleo likavunjika mpini. Akaachia mama, akanichukua mkono wa kushoto, hapa chini ya kiwiko. Dada, mie nimepigwa visu bandarini, nimeangukiwa na nanga ya boti, lakini sijawahi kusikia mfupa wangu mwenyewe ukisagwa kama muwa. Alinivuta chini. Nilimwita kwa jina lake, lile ninalomwitiaga chakula. Macho yake yalikuwa yananiangalia vilevile kama siku zote, hayakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo bado linaniamsha. Nilimpiga kichwa kwa kichwa changu. Nilimng'ata sikio, ndiyo, nami nilimng'ata.

Aliyeruka ua ni Mwinshehe. Mtu ambaye mbwa akimgusa kanzu anarudi kuibadilisha. Alikuja na mchi wa mkewe Chausiku, akampiga Komando kichwani, mara ya kwanza, ya pili, mbwa anatingishika tu, taya palepale. Basi mzee wa watu akatupa mchi, akaingiza vidole vyake vyote mdomoni mwa mbwa, kwenye mate na damu yangu, akavuta juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, huku anasoma dua na kutukana kwa zamu. Taya lilipopanuka nikautoa mkono. Komando akageuka amrukie yeye. Mpini wa koleo ulikuwa umepasuka ncha kama mkuki. Niliuchomeka kooni kwake nikalala juu yake kwa uzito wangu wote mpaka akanyamaza chini ya kifua changu. Alikuwa wa moto sana. Nilimzalisha mwenyewe, nikamuua mwenyewe, na mama yake yuko pembeni amefumbua macho.

Mwinshehe amepoteza kucha mbili. Nyumbani alijiosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo akanipeleka hospitali. Hapo nje kwenye benchi aliniambia, Theo, sabuni yote ya Chausiku imekwisha, utanunua mche mzima. Nilicheka nikazimia. Mkono wameuokoa ila vidole vitatu havinisikii.

Wodini ndipo swali la Asifiwe lilinirudia, nami sikuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo, dada, hili sasa ndilo lililonitoa jasho kuliko mbwa.

Shaba alipoingia kwenye joto, ukaniletea nimtafutie mume, nilikuambia nimempandisha kwa mbwa wa polisi, kule Masaki, damu ya Ujerumani, na ukamweleza hivyo kila mtu kanisani. Masaki sikwenda. Shaba hakutoka uani kwangu. Nilimwachia Komando. Kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Na nilifanya hivyo baada ya uso wa yule mzee wa yadi, si kabla, kwa kuwa watu walikuwa wanaitaka damu ile. Hao walio tumboni mwa Shaba, hao ambao mtoto wa Mama Praygod amewawekea bakuli, baba yao ndiye aliyemuua bibi yao na kunila mkono.

Utasema Shaba ni mpole. Ni kweli, na huenda akafa mpole. Komando naye alinilamba vidole hivi hivi mpaka Ijumaa jioni. Mie siwezi tena kumwambia mtu mbwa huyu atauma au ataacha, na asiyeweza kusema hilo hana haki ya kumpa mtu mbwa. Kibao nimekichoma.

Huyo dada mwenye koti la kijani aliyekupa bahasha ndiye Asifiwe. Mpe maji, ila usibishane naye, hutashinda. Amekuja kumchukua Shaba azalie kwangu Chanika. Nimevunja masanduku, nimejenga banda pana lenye jua. Hakuna atakayeuzwa wala kutolewa bure. Watakaa na mama yao mpaka wajue maana ya mwenzako kulala chali. Watahasiwa wote, na Shaba pia. Atakayeonyesha ya baba yake, Asifiwe ana sindano, na nitamshika mapajani mwangu mwenyewe mpaka iishe. Kwa Mama Praygod nitakwenda mie, na kwa jumuiya nzima, niseme kwa mdomo wangu. Wewe usinibebee.

Msalimie shemeji, mbusu Vaileth. Mwinshehe na Chausiku wanakusalimu kwa heshima, na wanasema siku ukija huku pilau ipo.

Mie nimekaa hapo nje kwa kinyozi, mkabala na geti lako. Sikuthubutu kugonga. Toka na Shaba, au toka na fimbo. Ukitoka na fimbo, dada, piga upande wa kulia. Wa kushoto bado una nyuzi.

Ni mie mdogo wako,
Theonest