Maoni Yasiyokuwa na Ibara

Kitahana, Kibondo
17 Mei 2015

Mpendwa Mwalimu Josephina,

Mwakeye. Bado nakusalimu kwa Kiha, ingawa ulikuwa ukinicheka kwamba Mpare akikitamka utadhani ana kiazi cha moto mdomoni. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Kagerankanda, na kwamba yule mdogo homa imemwacha. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha chaki.

Barua yako aliniletea Athuman mwenye duka. Ningeweza kukupigia simu, lakini ninayotaka kukueleza hayafai simu. Unasema umesikia redioni kwamba Bunge limepitisha sheria ya makosa ya mtandao, ukalia jikoni kwa furaha, kwa kuwa maneno ya marehemu baba yako yamefika Dodoma. Unaniomba nikutajie ukurasa ule niliomsomea katika kijitabu cha Katiba Inayopendekezwa, uusome mbele ya watu baada ya misa ya kumwombea mwezi ujao. Ombi hilo limeninyima raha siku tisa sasa.

Naikumbuka sana miaka tuliyofundisha pamoja hapa, kabla hujaolewa. Baba yako, Mzee Tharsisi, akitoka kwenye mizinga yake alipitia ofisi ya walimu, ananuka moshi, akatuachia sega juu ya jani la mgomba. Tulikula mpaka madaftari ya watoto yakanata. Mwalimu mkuu alifoka, kisha naye akaomba kipande. Siku hizi asali naletewa imechujwa, kwenye chupa ya plastiki, na wala sina hamu nayo. Nawakumbuka mno, wewe na yeye.

Ndipo mama yako akafariki, mwaka 2012. Sipendi kukutonesha, lakini bila hilo barua hii haieleweki. Ulikuwa umeshahamia huko. Mmoja wa waliokuja msibani alimpiga mama picha kabla hajafunikwa uso, picha ikapita simu hadi simu, nawe ukamwona kwenye simu ya mwalimu mwenzako kabla ndugu hawajakupa taarifa. Baba yako alizunguka kuuliza kosa hilo linaitwaje kisheria. Kila aliyemuuliza alimpa pole.

Mwaka uliofuata wafuga nyuki waliunda baraza lao la kujadili rasimu ya Katiba, wakanifanya katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Watu walisemea ardhi, misitu, na orodha ya mambo ya Muungano. Mzee Tharsisi alisubiri wote wamalize, akavua kofia, akasema: “Humu yameandikwa yanayojulikana. Hiyo simu ya picha, juzi haikuwapo. Kesho kitakuja kingine, hata jina hatukijui. Naomba iandikwe kwamba kitu kipya kisichotajwa popote, Bunge lisiseme si changu. Likishughulikie mapema, kisitangulie kuingia chumba cha maiti.” Kwenye hilo jina tusilolijua watu walicheka. Alipomaliza, hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo alisubiri. Kijitabu kilipofika kijijini Januari mwaka huu alikuja nacho kwangu, macho yakiwa yameshamchoka, akaniomba nimsomee pale yalipo maneno yake. Nilimsomea. Jioni hiyo hiyo alikupigia simu kukuambia yamo. Mwezi wa tatu tukamzika.

Josephina, hayamo. Usiyatafute, utaaibika mbele ya watu kwa kosa langu.

Sikuyaandika. Fomu tulizotumia zilikuwa na safu ya kwanza ya namba ya ibara, na maoni yote yalitakiwa kutaja ibara yanayoihusu. Ya baba yako hayakuwa na ibara, kwa kuwa alisemea kile ambacho hakimo. Nilipokuwa nanakili nakala safi niliona ile nafasi tupu inachafua kazi yangu, nikayaruka. Hakuna aliyenituma. Niliupendelea mwandiko wangu, basi. Hata sheria uliyoisikia haikutoka kwetu. Bunge limeitunga kwa mamlaka liliyokuwa nayo siku zote, maana jambo ambalo halikukabidhiwa kwa mwingine hubaki mikononi mwake. Wapo wanaosema sheria yenyewe inabana mno, na sijui mzee angesemaje.

Siku ile ya Januari nilifungua ukurasa wowote nikatunga ibara palepale, kwa Kiswahili cha kisheria. Akaniomba nirudie. Nikarudia, lakini nilikuwa nimeshasahau nilivyoanza, yakatoka maneno mengine kabisa. Akaniita mwanawe kwa Kiha, akasema, “Hii ya pili ni nzuri zaidi, mwana wanje.” Kisha akaniuliza kama maharage yangu yamenusurika na mvua.

Alijua. Na bado alikupigia simu akakuambia yamo.

Naona aibu, na naomba unisamehe. Ukiniruhusu, siku ya misa nitasimama mwenyewe, niyaseme maneno yake kama alivyoyasema, na niwaambie watu ni nani aliyeyaacha nje. Ukisema nisije, sitakuja.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Walimu wote wa hapa wanakusalimu, hasa Esteri wa darasa la pili, ambaye anauliza utalala kwa nani ukija. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, na ampumzishe mzee wetu.

Ndimi niliyekuwa karani wa baba yako,

Elisante